Kaa la Kiko cha Bibi

Mtu akifungua kifurushi cha tumbaku karibu yangu, kiganja changu cha kulia huuma.

Bibi yangu alivuta kiko chenye mrija mrefu kuliko mkono wake. Alisema moshi ukitoka mbali hufika mdomoni umepoa, mtamu. Ubaya wake, hakuweza kukiwasha mwenyewe, kwa hiyo kaa la moto nililileta mimi, kiganjani, juu ya majivu. Nikilidondosha, mrija huohuo ulinifikia kichwani bila yeye kuinuka.

Siku ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, majirani wote walikuwa wameshapanda lori. Bibi alikaa uani, akivuta. Kijana wa mgambo akamjia, akainama kwa adabu.

“Shikamoo, bibi. Naomba moto.”

Viberiti vilikuwa adimu, na kwetu moto hanyimwi mtu, hata adui. Bibi aliiona sigara sikioni mwake.

“Marahaba, mwanangu. Wee, mletee mgeni moto.”

Nikaleta kaa kutoka jikoni, nikilipuliza lisizimike. Alilipokea kwenye kigae, akawashia sigara, kisha akaingia ndani ya tembe letu na kulichomeka kwenye nyasi za dari.

“Asante, bibi,” alisema alipotoka. “Sasa panda lori.”

Dari lilipoanza kuanguka, bibi hakulia. Alininyooshea kiko chake, kilichokuwa kimezimika.

“Nenda kalete kaa,” akasema. “Leo yapo mengi.”

Nikaenda.