Maji Hayakuwa na Kosa

Beseni nililinunua mwenyewe sokoni Mbinga, siku niliyorudi likizo kutoka chuo kikuu. Lilikuwa la plastiki, la bluu, pana kiasi cha kutosha miguu miwili. Nilimwambia Mama ni la kufulia. Kweli ilikuwa nyingine. Nililinunua kwa ajili ya mdogo wangu wa kike, ili asilale.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba, na mtihani ulikuwa umebakiza wiki tisa. Shuleni kwetu, huku Matiri, waliochaguliwa kwenda sekondari ya serikali walikuwa wachache kila mwaka, na wasichana wachache zaidi. Kuna mwaka hakuchaguliwa hata mmoja. Shule za kulipia zilikuwa zimeanza kuchipuka, lakini Baba alisema wazi kwamba hizo ni za watoto wa wenye malori. Na mtihani ule haurudiwi. Ukikosa, umekosa.

Mdogo wangu alitaka kwenda shule niliyosoma mimi, na sababu yake ilikuwa moja tu. Tulilala kitanda kimoja, mzungu wa nne, miguu yangu usoni kwake, tangu alipoachishwa kulala na Mama. Aliniuliza zaidi ya mara moja:

"Dada, ni kweli kule kila mtu ana kitanda chake?"

"Cha chuma. Na godoro lake."

Alikuwa akijinyoosha kidogo, kama mtu aliyekwisha kulipanda godoro hilo.

Mbinu ya beseni niliipata bwenini. Unatia miguu kwenye maji baridi hadi vifundoni, unafungua daftari, na usingizi ukija baridi inaufukuza. Maji ya Julai ya kwetu hayakuhitaji kupoozwa. Ya mtungini yalikuwa yanauma meno. Niliandika ratiba, nikaibandika ukutani kwa ugali. Saa kumi alfajiri anaamka, anasoma. Saa moja shule. Akirudi, anazungusha mashine ya mkono ya kumenyea kahawa hadi giza, maana wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kupanda milimani kwa malori, ushirika umelegea, na kila mwenye shamba alitaka kahawa yake ikauke kabla lori halijageuza. Halafu chakula. Halafu beseni, hadi saa sita ya usiku. Mimi nilimsimamia mpaka saa nne, nikapanda kitandani, na kwa kuwa yeye hakuwepo nilijifunika mablanketi yote mawili.

Sikuwa mtu wa kuamini jambo kwa kuambiwa. Chuoni nilibishana na wahadhiri. Nyumbani nilibisha kuhusu mizimu, kuhusu maji ya baraka, kuhusu kwa nini firigisi ni ya Baba peke yake. Ratiba yangu sikuwahi kuihoji.

Wiki ya tatu alianza kujibu akiwa amesinzia. Macho yamefumba, kalamu mkononi. Nilimuuliza saba mara nane ni ngapi, akajibu, "Maharage." Nilicheka hadi nikamwamsha Baba. Asubuhi nilisimulia, nyumba nzima ikacheka, na tangu hapo hakuitwa tena jina lake. Maharage, lete chumvi. Maharage, kuku wako kwenye kahawa. Baba alimuuliza mezani kama atachaguliwa kwenda shule ya maharage au ya kunde. Yeye naye alicheka mwanzoni. Alipoacha kucheka, mimi nilisema amekosa ucheshi.

Mtu pekee aliyepinga beseni alikuwa Bibi, mama yake Mama. Kwao ni ziwani, upande wa Liuli, na alikuwa amepanda kuja kutusaidia msimu wa kahawa. Alinikuta jikoni mchana nikibadilisha maji.

"Hayo maji yatampanda kifuani," alisema.

Nilifurahi, maana hoja ile nilikuwa nimeisubiri. Nilimweleza kwamba baridi haina vijidudu. Kwamba mafua na kichomi hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, kwa kukohoa na kupiga chafya, si kwa kulowa miguu. Na nikamletea ushahidi wa kwao mwenyewe. "Bibi, wavuvi wenu wanasimama majini usiku kucha wakivua usipa. Mbona hawafi wote?"

Alifikiri. Alikuwa akipepeta maharage, kwa bahati, na ungo ulisimama.

"Wavuvi wa kwetu wakitoka majini wanalala," alisema. "Hadi jua la saa nane. Nani anawaamsha?"

Nilimwambia anahama mada. Tulikuwa tunazungumzia maji, sasa analeta usingizi. Mama, aliyekuwa kwenye moto, alisema Bibi ameshindwa na msomi. Bibi akasema kweli ameshindwa, akarudi kwenye ungo wake. Nilibeba beseni chumbani kama mtu aliyebeba kombe.

Agosti mwishoni Baba alirudi na kikohozi kutoka kwenye foleni ya kuuzia kahawa. Kwa kuwa togwa tulinywa kikombe kimoja, baada ya siku tatu tulikuwa tunakohoa sote. Mama alikohoa, Bibi alikohoa kwa umri wake wote, mimi nilipata mafua ya siku mbili na kupoteza hamu ya kula. Wote tukapona. Mdogo wangu hakupona. Kikohozi chake kilishuka. Alianza kushika ubavu wa kulia anapovuta pumzi, na usoni akawa na rangi ya majivu.

Mimi nilisema anaogopa hesabu. Nilisema mbele ya wote. Mafua ni yale yale, kikombe ni kile kile, kitanda ni kimoja. Kama mimi nimepona, yeye ana nini? Swali lilikuwa zuri sana. Nililiuliza kwa ajili ya kumwaibisha, sikusubiri jibu lake.

Jioni ile Mama alisema aachwe. Mimi nilileta beseni. Hakubisha, alitia miguu, meno yakigongana, akafungua daftari. Baada ya muda akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada, leo umeweka ya moto. Asante."

Nilichovya kidole. Yalikuwa baridi kama siku zote. Nilidhani ananitania, nikamwambia aendelee na hesabu za sehemu.

Asubuhi hakuweza kusimama. Baba alimfunga kwa khanga kwenye baiskeli ya jirani, mimi nikasukuma kwa nyuma, na tulipofika zahanati ya misheni sista alimfunua kifua, akamhesabia pumzi kwa saa yake ya mkononi, kisha akasema kichomi. Alipoandaa sindano aliuliza mtoto huyu analala kwa saa ngapi kila usiku. Nilimjibu mimi, kwa heshima, kwamba anajiandaa na mtihani, kwa hiyo saa nne, wakati mwingine pungufu.

"Anajiandaa na nini?" alisema sista. "Kuzikwa?"

Alilazwa siku nane. Alilala kwenye kitanda cha chuma, peke yake, kwenye godoro lake. Hilo hakuna aliyelitaja.

Wiki ya mtihani alikuwa nyumbani, mwepesi kama ganda la mahindi. Mama alitaka aachwe. Mimi ndiye niliyesema apelekwe, kwamba wiki nilizomwekea haziwezi kupotea bure. Nilisema "nilizomwekea". Tulimpeleka kwa baiskeli ile ile. Nilisubiri nje ya uzio pamoja na wazazi wengine, na dirishani nilimwona kichwa kikiinama juu ya karatasi ya hesabu. Msimamizi alimgusa bega mara mbili. Mara ya tatu alimwacha. Alipotoka alikuwa na alama ya ukingo wa dawati shavuni.

"Nimelala, Dada," aliniambia. "Nimelala vizuri."

Hakuchaguliwa. Alirudi kwenye mashine ya kahawa misimu miwili, kisha Bibi akashuka naye ziwani.

Chuoni nilikwenda maktaba kutafuta lile swali langu zuri. Nilikuta wataalamu wanakubali kwamba watu wawili wanaweza kuvuta mdudu mmoja, na yule asiyelala vya kutosha ndiye anayeelekea zaidi kuugua, kwa kuwa mwili unapolala ndipo unapojipanga kupigana. Nyumba yetu ilikuwa jaribio kamili: kikombe kimoja, kitanda kimoja, mmoja kalala chini ya mablanketi mawili, mwingine kaketi. Najua mtu mmoja si ushahidi. Ningekuwa msomaji wa habari hii ningelisema hilo kwanza. Huenda angeugua hata kama angelala kama mfalme. Nimejaribu kuikubali hoja hiyo na nimeona jinsi inavyonipendeza, ndiyo maana siiamini.

Mwaka jana nilimfuata ufukweni. Bibi alishafariki. Mdogo wangu alikuwa anaanika usipa kwenye kichanja, anawatawanya kwa kiganja wasigusane. Nilimweleza yote, kwa utaratibu, kama nilivyoyasoma: kwamba maji hayakuwa na kosa, kosa lilikuwa usingizi, na mwenye kosa mimi.

"Kwa hiyo Bibi alikosea kuhusu maji," alisema.

"Ndiyo."

"Ukashinda."

Alimaliza safu moja ya samaki, akaanza nyingine.

"Hamsini na sita," alisema.

Sikumwelewa.

"Saba mara nane, Dada. Nilikuwa naijua. Nilikuwa na usingizi tu."

Kisha akaniambia nisogee, nimewazibia samaki jua.