Ribiti Zilizolala

Othman Salim alirudi Kibwezi mwaka 1979, baada ya miaka mingi ya kutengeneza ndege za watu wengine Nairobi, akiwa na nia moja tu: kujijengea ya kwake. Alisimamisha banda la mabati nyuma ya nyumba, na majirani wakazoea kusikia nyundo ya upepo ikitatarika tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri.

Kazi ya ribiti haifanywi na mtu mmoja. Ribiti ni kama msumari mdogo wa alumini wenye kichwa upande mmoja na mkia upande wa pili. Fundi hupiga kichwa hicho kwa nje, na mwenzake, kwa ndani, huukinga mkia kwa kipande cha chuma kizito mpaka ubonyee na kuwa kichwa cha pili. Mwenzake Othman alikuwa mkewe, Khamisa. Mkono wake mwembamba ulipenya ndani ya bawa mahali ambapo wa Othman ulikwama. Walielewana kwa kugonga bati: mara moja, endelea, mara mbili, rudia. Baadaye, kila alipoifikiria ndoa yake, Othman alizikumbuka siku hizo kwanza.

Walipofika bawa la kushoto, ribiti fupi ziliisha. Nyingine zingechukua miezi kufika, naye alitaka kumaliza kabla ya mvua za Novemba. Akachukua zile ndefu. Mwanzoni alizikata moja moja kwa koleo, ili mkia utokeze mara moja na nusu ya unene wa ribiti yenyewe, usizidi. Kisha akachoka, akaanza kuzipiga zilivyo.

"Baba Sauda, hizi zinalala," Khamisa alisema, mkono ukiwa bado ndani ya bawa. "Mkia haukai. Unapinda kando."

"Kaza chuma, Mama Sauda."

"Nimekaza. Hizi ni ndefu."

"Fundi ni mimi," akasema Othman. Khamisa akakaza chuma tena, wakaendelea.

Mkaguzi wa ndege wa serikali alikuja Januari. Kiilu, rafiki wa Othman, ndiye aliyempokea barabara kuu na kumleta nyumbani. Mgeni aliingiza tochi na kioo kidogo ndani ya bawa, akatazama kwa muda mrefu, akatikisa kichwa.

"Nani alishika chuma huku ndani?"

Khamisa alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Othman alimwona.

"Mke wangu," akasema. "Mwanamke hana mkono imara. Nilimwambia akaze."

Khamisa akaweka sinia juu ya meza ya kazi, akammiminia kila mtu, akatoka. Hakugombana, si siku hiyo wala baadaye. Alipika, alicheka na watoto, alimuuguza mumewe alipopata malaria. Bandani tu ndiko hakukanyaga tena. Miezi ilipokuwa imepita, Othman alimwomba radhi. Khamisa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini tafuta mtu mwingine wa kukushikia."

Akawa Kiilu. Waling'oa ribiti zote mbovu, wakaweka za kipimo, na safari hii bawa likapita ukaguzi. Lakini mikono ya Kiilu ilikuwa minene na domo lake halikupumzika, kazi ikaenda polepole, na mara nyingi Othman aligonga bati mara moja akasahau kwamba Kiilu hajui maana yake.

Ndege iliruka mwaka 1988, kutoka kiwanja cha vumbi kando ya mashamba ya mkonge. Watu walijaa. Khamisa alisema ana nguo za kufua.

Huko juu bawa lilitulia kabisa. Othman akapinda kuelekea nyumbani, akamwona mkewe uani akianika shuka. Akashuka kidogo, akapita tena, na kivuli cha ndege kikavuka kamba ya nguo na bega lake. Khamisa akabana kibanio, akainama kuchukua nguo nyingine. Hakuinua uso.

Othman alizunguka mpaka mafuta yakaanza kupungua, ndipo akarudi kwa watu waliokuwa wakimshangilia.