Jina la Nekesa Halikuwamo

Nakumbuka siku hiyo vizuri, mwanangu, kwa sababu hata leo nikiona ukurasa umefunguka haraka mno, moyo hunishtuka.

Nilikuwa kijana, nikifanya kazi katika ofisi ndogo ya misaada Kitale. Watu walikuwa wakikimbia mapigano mlimani, na kila aliyefika kambini tulimwandika jina, tukaliweka kwenye tovuti ili jamaa zake walione. Waliotafuta majina walikuwa wengi, seva, ile mashine inayotoa kurasa, ikalemewa. Nikaandika programu: badala ya kuikusanya orodha upya kila mara, itunze nakala kwenye faili na kumpa hiyo kila anayeuliza. Tena haikubeba faili nzima kwa mpigo mmoja. Ilisoma kipande, ikatuma, ikasoma kingine. Ukurasa ukawa unafunguka papo hapo. Nikajiona fundi.

Kumbe sikuiambia iangalie kama orodha imebadilika.

Siku ya tatu simu ikalia. Alikuwa mama mmoja wa Bungoma, akimtafuta bintiye.

"Nimeenda saiba kuangalia kompyuta kila siku, jina la Nekesa hakuna," akasema. "Sasa niko Chwele. Napanda mlimani kumtafuta mwenyewe."

Simu ikakatika. Nikafungua daftari la kambi. Nekesa aliandikwa juzi. Yuko kambi ya Kiminini, mzima. Nikampigia mamake, hapatikani. Nikapiga tena, na tena.

Mkuu wetu, Mzee Barasa, akawapigia wafanyabiashara aliowajua soko la Chwele, wamtafute mama mgeni anayeuliza njia ya mlimani. Tulingoja saa mbili nzima. Sikuweza hata kuketi. Mwishowe muuza vitunguu akapiga: amemkuta mama ameshapanda bodaboda, akamshusha na kumwambia binti yuko Kiminini.

Mzee hakunifokea. "Seva yako inajibu haraka, bana," akasema polepole, "lakini inajibu mambo ya juzi. Huyu mama angeenda kufa."

Kwa hivyo, mwanangu, nawe ukiandika programu kama ile, tunza nakala; kuitesa mashine bure hakuna faida. Lakini kabla hujampa mtu, linganisha saa ya nakala na ya orodha. Orodha ikiwa mpya kuliko nakala, tupa hiyo nakala, andika nyingine. Na juu ya ukurasa onyesha ni ya saa ngapi, msomaji asidhani ni ya sasa hivi. Mimi nilirekebisha alasiri ileile.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, na kila anayekutegemea apate jibu la kweli.