Ikibiri Kwenye Shamba la Mjane

Mwaka 2014 nilikuwa karani wa kampuni iliyonunua kahawa Kasulu. Kampuni ilijivunia haki: bei nzuri kwa mkulima, na marufuku kumtumikisha mtu bure shambani. Mimi, mtoto wa Kibondo niliyekua nikiwaona walanguzi na mizani yao ya uongo, niliishika kanuni hiyo kama dini. Alipokuja mkaguzi kutoka Ulaya nikampeleka kijijini Titye kifua mbele, kwa mama mmoja mjane, mzaliwa wa Burundi, ambaye kahawa yake ilikuwa safi kuliko ya wote.

Tukakuta watu wapatao ishirini wanapalilia shamba lake huku wakiimba. Ilikuwa ikibiri: leo kwako, kesho kwangu, na kazi ikiisha mnakunywa pombe ya ndizi. Mkaguzi akauliza wanalipwa kiasi gani. Nikamtafsiria mama.

Akacheka. "Walipwe? Hawa ni majirani, mwana wanje," akaniita mwanangu kwa Kirundi chake. "Mwambie hapa kwangu hajawahi kulipwa mtu."

Alisema kwa fahari, nami nikatafsiri kwa fahari vilevile, neno kwa neno. Mjinga mimi! Mkaguzi akaandika. Nilipoanza kueleza habari za zamu, akauliza kama zamu hizo zimeandikwa mahali. Hazikuandikwa popote.

Baada ya wiki mbili jina la mama likafutwa kwenye orodha ya wakulima wetu. Kahawa yake ikaenda kwa walanguzi, walewale. Nilikasirika sana, kisha nikashindwa kujua nimkasirikie nani. Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Pengine kwingine alikopita ameona watu wakikamuliwa kweli. Kanuni niliipenda mwenyewe. Na nilichotafsiri kilikuwa kweli tupu. Sasa kosa la nani? Mpaka leo jambo hili linanivuruga.

Nikarudi Titye kumwomba radhi. Nikamshauri awape majirani chochote, watie saini kwenye karatasi, nasi tumrudishe kwenye orodha.

"Nikianza kuwalipa," akasema, "siku nikiwa sina, nani atakuja?"

Akanikaribisha kiti, akanimiminia pombe kana kwamba sijamkosea kitu, halafu akaniuliza kwa upole, kama mtu anayetaka tu kujua:

"Na siku ile uliponisemea kwa mzungu, wewe ulilipwa?"

Nililipwa, mama. Na posho juu.