Siku Nilivua Wakwe ku Muto

Haya hii wote wa Kibua wanaijua, basi heri niiseme mwenyewe, juu Mama Salome, Mama Riziki na Vumilia wa kwa Byamungu wakiisema wanaongezaka yao.

Siku hiyo wakwe walikuwa wanatoka Masisi kuja kuposa mujukuu wangu Furaha, na mimi koko (bibi) wake njo nilimulea, kwa hiyo nikikosa adabu mbele yao, ndoa yake inakufa. Mboga ilikuwa sombe tu, majani ya muhogo, bila samaki. Nikakumbuka fimbo ya kuvulia mwanangu Anselme aliniletea kutoka Muanda, kule anafanyaka kazi ku mashua ya watu wanaovua samaki kubwa za bahari kwa kujifurahisha: fimbo murefu, mulinet (kale kagurudumu ka kukunjia kamba) na kasamaki ka chuma kenye ndoano tatu. Alinionya: «Mama, kafungo ka mulinet usikakaze sana, samaki ikivuta, kamba itoke kidogo kidogo.» Nikakakaza mupaka mwisho (kamba ya kutoka inasaidia nini?), tena sisi wanawake wa huku, tukiziba kijito tuchote maji tupate samaki, kitunga cha kuwekea samaki tunakifungaka ku kiuno kisiende na maji, basi na fimbo nikaifunga ku kikwembe, kitenge nilichovaa kiunoni, fundo mbili.

Nikashuka ku muto, nikarusha. Kasamaki kakaruka mupaka kati ya muto, kakanasa ku mutumbwi uliokuwa unavuka, na ndani, nyuma ya muvushaji Papa Kasereka, nikaona makoti na kofia: wakwe.

Maji ikasukuma mutumbwi, kamba ikakazana, kikwembe ikaanza kwenda. Mukwe akikuona bila kikwembe, hakuna ndoa tena, nikaishika na mikono mbili nikaingia nayo mu maji, nikavutwa kwa tumbo mu matope.

«Nani anavuta mutumbwi wangu?» Papa Kasereka akauliza.

«Ni mimi, Papa, koko wa Furaha. Karibuni.»

Baba ya kijana, Papa Mateso, muntu hachekaka, akageuza uso pembeni, akavua koti, akanirushia nijifunike. Halafu mabega yake ikaanza kutetemeka.

«Mama, sisi tulikuja kuomba, kumbe unatukamata kwa nguvu.»

Wakakula sombe bila samaki, na Papa Mateso akasema mbele ya wote: «Koko anayekubali kuzama kuliko kuacha adabu, mutoto aliyemulea ni wa kwetu.»

Furaha iko na watoto wawili leo. Mimi na fimbo ya bahari tumeachana kabisa. Nikitamani samaki ya bahari nanunua makayabu (samaki ya chumvi) ku soko, ile imekufa zamani, haina neno na muntu.