Kidole Kilichofungwa Uzi

Nakiri mapema: sijasoma chuo. Jenetiki nimejifunza kwenye simu na katika kitabu cha biolojia kilichochakaa, hakina hata jalada. Ninachokiandika nakirudia mara tatu daftarini, maana nikikosea mstari mmoja silali vizuri.

Neno lililonitesa kuliko yote ni jeni tawala. Kwa miezi mingi niliamini maana yake ni jeni yenye nguvu, kwa hiyo lazima iwe kwa watu wengi. Sivyo. Maana yake ni kwamba nakala moja, kutoka kwa mzazi mmoja, inatosha kuonekana mwilini. Inaweza kuwa tawala na bado ikawa adimu mtaani kwenu.

Nisingelitamka hadharani kama dada yangu asingejifungua binti mwenye vidole sita kila mkono, alama ambayo mara nyingi hutokana na jeni ya namna hiyo. Cha sita kilining'inia pembeni, kidogo kama haragwe, na ukucha wake kamili.

Siku ya tano nilikwenda Kisenyi kwa wakwe zake. Mama mkwe, ambaye wote tunamwita Hajati, alikuwa mkekani, uzi mweusi tayari pajani. Ndiyo desturi: kidole kinafungwa shinani, kinakauka, kinaanguka, yamekwisha. Lakini kabla ya kufunga alikuwa na neno.

"Kwetu hakuna mtu wa vidole sita," alisema mbele ya majirani wawili. "Damu ya mwanangu ina nguvu. Angekuwa wake angefanana naye. Jina la kwetu simpi."

Dada yangu aliinamisha kichwa. Hotuba ya jeni niliyokuja nayo daftarini ilinipotea yote, likabaki jambo moja: shemeji, baba wa mtoto, aliponipa chai nilikuwa nimeona kinundu kama punje ya mtama kando ya kidole chake cha mwisho.

"Shemeji, nipe mikono."

"Ya nini? Hiyo chunjua tu. Ninayo tangu utoto."

"Mikono yote miwili?"

Vinundu viwili, mahali pale pale. Nikamvuta hadi mbele ya mama yake.

"Hajati, chunjua hizi nani alizipanda?"

"Mtoto huyu hana adabu," jirani mmoja alisema.

"Sina," nikamjibu. "Ila naomba jibu."

Hajati aliuzungusha uzi kidoleni mwake, akaufungua, akauzungusha tena.

"Nilimfunga mimi," alisema. "Siku ya tatu. Mke mwenzangu angenicheka. Hata baba yake hakujua."

"Na huyo baba, labda naye alifungwa?"

"Nitajuaje? Kila mama anafunga, ananyamaza."

Hapo hasira ilinishika kweli. Kumbe si damu inayoruka kizazi. Ni sisi tunaofuta alama kwa uzi, kisha tunamhukumu mwanamke anayezaa tulichokifuta. Nikamwambia hivyo, kwa sauti. Nikamwambia pia kwamba uzi haufungwi mpaka daktari aangalie kama kuna mfupa ndani.

Usiku ule nilijipekua. Katika hasira nilikuwa nimesema watoto wote wa shemeji watazaliwa hivyo. Kosa. Kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi jeni hiyo, na wengine huirithi wasiionyeshe. Tena kinundu hakithibitishi ubaba. Kinathibitisha tu kwamba "kwetu hakuna" ilikuwa uongo. Asubuhi nikarudi Kisenyi kujisahihisha.

"Mwalimu umerudi?" Hajati aliguna. "Jana ulinitukana, leo unayapunguza maneno yako?"

"Nakupa iliyo sahihi, Hajati."

"Haya, keti. Chai ipo."

Siku ya saba mtoto alipewa jina. La Hajati mwenyewe. Mgeni mmoja alipovifunika vile vidole kwa kitambaa, kwa huruma, Hajati alikiondoa.

"Viache vionekane," alisema. "Vya kwetu hivyo."