Flashi ya Fundi Ndiyo Inayoambukiza, na Radhi Siombi

Admin, nifichie jina, maana Waswahili wa Bankstown tunajuana mpaka rangi za mapazia. Mie ni mama wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Tanga, nina mume na mtoto mmoja, na kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye makao yao hapa Sydney. Kabla ya kuolewa nilisoma kompyuta chuoni miaka miwili. Hilo liwekeni akilini, kwa sababu mume wangu kalisahau.

Mwaka huu wa lockdown mama yangu kafariki. Mipaka imefungwa, ndege hakuna, mazishi nikayaona kwenye simu nimekaa chini jikoni. Nilichobaki nacho ni sauti yake. Kila Ijumaa tulikuwa tukiongea, nami narekodi: ananielekeza mapishi, ananisema nimekonda, anamwombea dua mwanangu. Rekodi zote ziko kwenye laptop, sehemu ya D. Kwa wasiojua, diski ya kompyuta hugawanywa vipande. C inakaa mitambo ya kompyuta yenyewe, D tunaweka vitu vyetu. Nakala nyingine sikuwa nayo. Uzembe huo ni wangu, naukubali.

Basi laptop ikaanza vituko. Folda zikageuka shotikati, vijialama vya njia ya mkato tu, ukibofya hazifunguki. Mume wangu akamwita rafiki yake, tumwite Fundi, ambaye Waswahili wote wa huku ndiye wanayempelekea kompyuta. Kwa ajili ya lockdown haingii ndani. Unamwekea laptop mlangoni kwenye mfuko, anaichukua, kesho anarudisha.

Akapiga Windows upya kwenye C, yaani akafuta mitambo ya zamani akaweka mingine. Siku mbili safi, ya tatu virusi vimerudi. Akapiga tena, vikarudi tena. Mara ya tatu akasimama mlangoni, barakoa iko kidevuni, akasema, "Shemeji, hapa hamna namna. Nafuta diski nzima, C na D. Mafaili yameshaliwa."

Nikamwambia, "Hayajaliwa, yamefichwa. Yangeliwa, D ingekuwa tupu, na mbona inaonyesha imejaa vilevile? Hivyo virusi vimekaa D. Wewe unasafisha C, mie nikifungua D vinarudi."

Akacheka! Akamgeukia mume wangu, "Kaka, hapa tunamsikiliza nani?" Na mume wangu, baba wa mwanangu, akanijibu mbele yake, "Mwachie mwenye kazi yake. Wewe ulisoma zamani, umeshasahau."

Jamani, nilipandwa na hasira! Nikaikumbatia laptop, nikamwambia, "Haitoki humu ndani." Nikafunga mlango.

Siku yangu ya mapumziko nikaazima kompyuta isiyo na virusi kwa jirani, nesi wa Kikenya. Nikapakua programu ya kuua virusi ile inayowashwa na flashi, nikaiweka kwenye flashi mpya. Sababu ni kwamba ukiiwasha kompyuta kawaida, virusi navyo vinaamka na kujificha. Ukiiwasha kwa flashi, Windows ya kwenye diski haijaamka, kwa hiyo unavikuta vimelala. Nikachomeka, nikabonyeza F12, nikachagua flashi, nikaiamuru ipekue C na D, zote mbili. Ilichukua saa tatu na ushee, na mie sikubanduka pale.

Ikavikuta, vingi viko D kama nilivyosema. Nikavifuta, nikayatoa mafaili mafichoni, nikabofya rekodi ya kwanza. "We mtoto, unga umepepeta au unacheka tu?" Mama yangu huyo! Nililia mpaka mwanangu akaja mbio, "Mum, is that Bibi?" Nikamwambia ndiye.

Sasa sikilizeni. Ndani ya ule mfuko wa kubebea laptop Fundi alisahau flashi yake, ile anayozunguka nayo nyumba kwa nyumba. Nikaipekua. Virusi vilevile! Kumbe kila nyumba anayokwenda kutengeneza kompyuta ndiyo anayoiambukiza. Nikampigia simu kwa heshima zote nimweleze kuwa laptop imepona na flashi yake ina virusi, akanikatia. Jioni nafungua grupu letu la Waswahili, nakuta kaandika, "Laptop ya shemeji imepona, alhamdulillah," na watu wanammiminia pongezi. Ala! Nikatuma sauti: "Laptop nimeitibu mie. Na flashi ya Fundi msiichomeke mpaka isafishwe, ndiyo inayotuambukiza."

Fundi akajitoa kwenye grupu. Nakiri mbele yenu, nilifurahi.

Tangu hapo mume wangu hali chakula changu, siku ya sita leo. Anachemsha tambi zake, ananipita kama hanioni. Anasema nimemdhalilisha rafiki yake, na hatazungumza nami mpaka niandike kwenye grupu kwamba nilikosea. Mama mmoja tunayemheshimu sana kanipigia, "Mwanangu, mwanaume haaibishwi mbele za watu. Sema ulikosea, yaishe." Familia mbili zimeniandikia pembeni kunishukuru, lakini kwenye grupu kimya, hakuna anayethubutu.

Nampenda mume wangu, sitawadanganya. Nyumba imepooza, na msiba wenyewe bado mbichi. Lakini juzi Mama mmoja mjane, mtaa wa pili, kaniambia Fundi anakuja kumfutia diski nzima, na picha zote za marehemu mumewe ziko D. Nikisema nilikosea, huyu mama si atamkabidhi Fundi laptop yake?

Haya, ndugu zangu, naomba ushauri wenu: naishi vipi na mume aliyenuna ndani ya vyumba viwili, na kutoka ovyo haturuhusiwi? Hilo ndilo limenishinda. La kuomba radhi msijichoshe kuniandikia. Laptop ya yule mjane nimeifuata asubuhi kwa miguu, iko hapa mezani, inapekuliwa D.